Ritifaa

Saa tatu asubuhi. Umeme upo, jambo la kushukuru.
Ghorofani, juu ya duka la matairi, Kadutu,
nimeketi mbele ya daftari lisilo na karatasi
la chama chetu cha akiba,
na ng'ambo ya meza mama amekaa,
kitenge chake bado kinanuka moshi.

Nyumba imeungua Nyamugo, amesema.
Sasa ninalala Panzi kwa mdogo wangu.
Andika hivyo, mwanangu, barua zisinipotee.

Kazi ya mistari mitatu tu:
badilisha wanachama,
weka mtaa uwe 'Panzi'
pale ambapo jina ni 'Nabintu M'Cigolo'.
Nikabonyeza.
Mashine ikajibu kwa wekundu:
kosa la sarufi, karibu na Cigolo.

Karibu na. Haisemi kwenye.
Kama jirani anayekuambia mwizi kapita huku huku,
naye haachi kumenya mihogo.

Nikatafuta mkato uliozidi. Hakuna.
Nikatafuta mabano, na wala sikuwa nimeyaweka.
Nikaandika upya kwa herufi kubwa,
nikidhani labda inataka heshima.
Wekundu uleule.
Inasema nini? akauliza mama.
Inasema haielewi.
Akacheka kidogo: Basi si mimi peke yangu.

Saa tano nikafanya kama fundi wa pikipiki:
ng'oa kipande, uone kama injini itawaka.
Nikafuta mstari wa tatu.
Ikabaki sentensi safi, haina doa,
hata mwalimu Mushagalusa angeipa kumi juu ya kumi.
Kidole kikiwa hewani nikaisoma kwa sauti
na mgongo ukaniganda.
Haikuuliza nani.

Watu elfu moja mia nne na sita,
wa Nguba, wa Cimpunda, wa Bagira, wa Muhungu,
wangehamia Panzi kwa pigo moja,
bila mizigo, bila moto, bila kuaga,
na mashine isingetoa hata neno.
Kosa lina kelele.
Maafa yana sarufi nzuri.

Nikaurudisha mstari wa tatu polepole
kama mtu anayerudisha yai kiotani,
na hapo ndipo nikaiona,
ile ile ya ng'ombe na ya ng'ambo,
imening'inia begani mwa M.
M'Cigolo: binti wa Cigolo.
Kwetu huo ni ukoo.
Kwa mashine ni mlango uliofungwa:
jina limekwisha kwenye M,
na baba kabaki nje, mvuani,
neno lisilo na kazi.

Nikafungua orodha nzima.
Murhula, aliyekalia kiti hiki kabla yangu,
alikuwa na dawa yake:
Mrugamba, Mbirhaheka, Mzihalirwa,
mabinti kwa mamia, wamenyolewa ili wapite.
Alikuja na kwangu na wembe wake, akasema mama.
Nikamwambia, kabla hujatoa hiyo,
nitolee kwanza pesa zangu.

Sijui hatimaye Murhula aliipitishaje.
Mimi niliijaribu hivi: niliiandika mara mbili,
M''Cigolo,
zikasimama bega kwa bega.
Nikabonyeza, macho nimefumba.
Mstari mmoja umebadilika.
Mmoja. Nikaisoma tena ile namba. Mmoja.

Mama akainuka, akazunguka meza,
akaweka kidole juu ya kioo.
Mbona huku ni mbili na kule ni moja?
Ya kwanza ni mlinzi, nikasema. Hubaki mlangoni.
Akatikisa kichwa, sijui kwa kukubali
au kwa kunihurumia,
akafunga kitenge chake, akashuka ngazi.

Umeme ukakatika saa sita kasoro.
Kesho, ukirudi, naanza na Mrugamba.